Tumbo linapomwangusha mgonjwa: kwa nini msokoto huishia kwenye kuzimia

WAPO watu ambao tumbo likianza kusokota hawaogopi maumivu yenyewe, bali kile kinachofuata: kijasho chembamba kwenye paji la uso, masikio kuvuma, macho kuingia giza na hatimaye kuanguka sakafuni bila kujitambua. Mara nyingi mkasa huo hutokea chooni, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, na watu wa nyumbani hushtushwa tu na kishindo.

Wengi wao wameishi kwa miaka na hali ya tumbo ambayo madaktari huiita kwa kifupi IBS, yaani utumbo unaokereka na kuvurugika ingawa vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Wanapozinduka wanakuta mlango umejaa majirani. Mmoja anasema ni kifafa, mwingine anasema ni mapepo, na wa tatu anatafuta sukari ya kumlambisha. Kitabibu maelezo yake ni mengine kabisa, na kwa wagonjwa wengi ni ya kutia moyo. Si kwa wote, hata hivyo, na ndiyo maana jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu.

IBS si vidonda vya tumbo, si saratani, wala si minyoo. Wataalamu wa leo huielezea kuwa ni kasoro katika mawasiliano baina ya ubongo na utumbo: utumbo hubana na kulegea bila mpangilio, na neva zake hupeleka kwenye ubongo taarifa zilizokuzwa, hata gesi kidogo ikahisiwa kama kisu. Kwa mujibu wa vigezo vya Roma vilivyotolewa mwaka 2016, mtu huhesabiwa kuwa na hali hii iwapo amepata maumivu ya tumbo yanayojirudia kwa wastani wa angalau siku 1 kila wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili zikiwa zilianza miezi 6 au zaidi kabla, na maumivu hayo yakiendana na kwenda haja kubwa, au na mabadiliko ya idadi ya safari za chooni, au ya sura ya choo. Mambo 2 kati ya hayo 3 yanatosha. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha nchi 33 ulikadiria kwamba watu wapatao 4 kati ya kila 100 wanaishi nayo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kwa wengine hali hiyo huanza baada ya maambukizi. Mfano unaotajwa sana ni wa mji wa Walkerton, katika jimbo la Ontario nchini Canada, ambako Mei 2000 maji ya bomba yalichafuliwa na bakteria kutoka kinyesi cha mifugo. Zaidi ya watu 2,300 waliugua na 7 walikufa. Watafiti waliowafuatilia wakazi kwa miaka iliyofuata waligundua kwamba waliougua sana wakati ule walikuwa na IBS kwa kiwango cha juu zaidi ya mara mbili kuliko wenzao waliosalimika. Kwa wakazi wa miji ambako kila msimu wa mvua maji taka huingia visimani, habari ya Walkerton si ya mbali kama ramani inavyoonyesha.

Neva ndefu kuliko zote zinazotoka kichwani

Katika orodha ya dalili za IBS, kuzimia hakumo. Kinachomwangusha mgonjwa si utumbo moja kwa moja, bali ni mwitikio wa mwili kwa maumivu makali, na njia inayopitia mwitikio huo ni neva iitwayo vagasi.

Vagasi ni neva ya 10 kati ya zile zinazotoka moja kwa moja kichwani. Inaanzia kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni, inagusa moyo na mapafu, kisha inasambaa tumboni hadi sehemu kubwa ya utumbo mpana. Sehemu kubwa ya nyuzi zake hazipeleki amri kutoka kwenye ubongo. Kazi yake ni kupeleka juu habari za viungo vya ndani. Utumbo unaposokota au kutanuka ghafla, habari hizo hufika kwenye shina la ubongo, mahali pale pale ambapo mapigo ya moyo na shinikizo la damu husimamiwa.

Kwa baadhi ya watu, habari hizo zikizidi ukali, amri inayorudi huwa ni kinyume cha ilivyotarajiwa. Moyo hupunguza kasi. Wakati huohuo mishipa ya damu ya miguuni na tumboni, ambayo kwa kawaida hubanwa ili damu isizame chini, hulegea. Shinikizo la damu huporomoka, ubongo hukosa damu kwa sekunde chache, na fahamu hupotea. Mtu akishalala chini, damu hurudi kichwani bila kupanda mlima, na fahamu hurejea, mara nyingi kabla dakika moja haijaisha.

Aina hii ya kuzimia huitwa vasovagali, jina lililoenezwa mwaka 1932 na daktari wa Uingereza, Sir Thomas Lewis. Lewis aligundua jambo moja ambalo bado lina maana kwa mgonjwa wa leo. Aliwapa waliozimia dawa ya atropini, inayozuia vagasi kuupunguzia moyo kasi. Mapigo yalipanda, lakini shinikizo la damu lilibaki chini na mgonjwa hakuzinduka kama ilivyotarajiwa. Ilidhihirika kwamba kulegea kwa mishipa ndicho kiini cha tatizo, na kwamba kuuchapua moyo peke yake hakutoshi.

Choo chenyewe huongeza hatari. Anayejikamua kwa nguvu huziba pumzi na kuongeza shinikizo kifuani, damu inayorudi moyoni hupungua, na anapoachia pumzi shinikizo la damu huyumba. Anayeharisha naye amepoteza maji na chumvi, hivyo mishipa yake ilikuwa na damu pungufu hata kabla maumivu hayajaanza. Mambo mengine yajulikanayo na kila mkazi wa jiji huongezea mzigo: joto, kusimama muda mrefu katika daladala iliyojaa, kukesha, kushinda na njaa. Mgonjwa anayefunga mwezi wa Ramadhani huku tumbo likimsumbua anapaswa kuzungumza na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu choo cha kuchutama, yapo mambo mawili yanayovutana. Kuchutama kwenyewe hupandisha shinikizo la damu, kwa kuwa mapaja hubanwa na damu husukumwa juu. Madaktari hata huwafundisha wagonjwa wachutame wanapohisi kizunguzungu. Hatari iko kwenye kuinuka. Anayesimama kwa haraka baada ya kuchutama muda mrefu huiachia damu ishuke miguuni kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi huanguka, baadhi wakigonga kichwa kwenye ukuta au ndoo.

Dakika ya onyo

Habari njema ni kwamba kuzimia kwa aina hii huwa na salamu zake. Kabla ya giza kuingia, mgonjwa huhisi joto la ghafla, kichefuchefu, miayo, jasho, midomo kuwa myeupe na sauti za watu kusikika kama zinatoka mbali. Muda huo huweza kuwa sekunde chache au dakika kadhaa. Anayejifunza kuutambua ana nafasi nzuri ya kutoanguka kabisa.

Jambo la kwanza ni kulala chini, miguu ikiinuliwa ukutani au juu ya kiti. Wagonjwa wengi huona haya kufanya hivyo, hasa kazini au chooni. Sakafu ya choo haipendezi kulalia, lakini pua iliyovunjika haipendezi zaidi. Asiyeweza kulala na achutame, au akae na kuinamisha kichwa katikati ya magoti. Aliye kwenye choo cha kuchutama asikimbilie kusimama. Abaki hapohapo hadi wimbi lipite, kisha ainuke polepole akishika ukuta.

Jambo la pili ni kukaza misuli. Watafiti wa Ulaya waliwagawa wagonjwa 223 wa kuzimia vasovagali katika makundi mawili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida. Jingine liliongezewa mafunzo ya kukaza misuli mara onyo linapokuja. Katika kundi la ushauri pekee, watu 51 kati ya kila 100 walizimia tena; katika lile lililofundishwa, 32. Mazoezi yenyewe hayahitaji kifaa: kukutanisha miguu kwa mkato na kubana mapaja na makalio, au kufungamanisha vidole vya mikono miwili na kuvuta kila mkono upande wake bila kuachia. Kwa mwenye msokoto wa tumbo, njia ya mikono ndiyo nafuu, kwani kubana tumbo kunaweza kuchochea maumivu yaleyale yaliyoanzisha balaa. Asizibe pumzi anapofanya hivyo.

Wanaomhudumia aliyezimia nao wana kanuni zao, na kubwa kuliko zote ni kutomwinua. Desturi ya kumkalisha mgonjwa kwenye kiti, kumshika kwapa mbili na kumsimamisha, au kumpakia wima kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali, huuzuilia ubongo damu ile unayoihitaji. Alazwe chali, miguu juu, nguo za shingoni na kiunoni zilegezwe, dirisha lifunguliwe. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Asimiminiwe kitu mdomoni kabla hajazinduka vizuri, iwe maji, soda au sukari. Na akishazinduka abaki amelala kwa dakika kadhaa, maana anayeruka haraka huanguka mara ya pili.

Hapa ndipo suala la kifafa linapoingia. Aliyezimia huweza kutikisika mikono na miguu kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, na walio karibu huapa kwamba wameona degedege. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za video vijana wenye afya waliojitolea kuzimishwa kwa makusudi. Kati ya 42 waliopoteza fahamu kabisa, 38 walitikisika. Hawakuwa na kifafa. Tofauti iko kwingine: aliyezimia huwa mweupe, hutikisika kwa muda mfupi sana na akili humrudia upesi, ilhali mwenye kifafa hutikisika muda mrefu zaidi, aghalabu huung'ata ulimi pembeni, na baada ya hapo huwa amechanganyikiwa kwa dakika nyingi. Kumbandika mtu jina la kifafa kwa ushahidi wa majirani kumewagharimu watu ajira na hata ndoa. Simu ya mkononi iliyorekodi tukio humsaidia daktari kuliko simulizi za watu 10.

Kulituliza tumbo

Kwa kuwa maumivu ndiyo kichochezi, mgonjwa ambaye tumbo lake limetulia huzimia mara chache zaidi, na hapo ndipo juhudi nyingi zinapostahili kuelekezwa.

Utumbo mpana hubana zaidi baada ya mlo, hasa mlo mkubwa wenye mafuta, na kahawa huuchochea vilevile. Anayekunywa kahawa na maandazi matatu kwa haraka saa 12 asubuhi, kisha akakimbilia kituo cha basi, anajiandalia msokoto njiani. Milo midogo, na robo saa ya utulivu baada ya kifungua kinywa, huweza kusaidia kuliko vidonge.

Mpango wa chakula uliofanyiwa kazi zaidi ulibuniwa Australia na Peter Gibson na Sue Shepherd, ambao andiko lao la kwanza lilitoka mwaka 2005. Unapunguza aina za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri na ambazo hugeuka gesi zikifika kwenye utumbo mpana. Katika jiko la Afrika Mashariki vyakula hivyo ni pamoja na vitunguu maji na vitunguu saumu, maharage, chapati na mikate ya ngano, maziwa mabichi, embe na tikiti maji. Wali, viazi mviringo, karoti, samaki, mayai na machungwa huwa havina shida kwa wengi. Kosa linalofanyika ni kuvifukuza vyakula hivyo vyote maisha yote. Mpango wenyewe unataka vipunguzwe kwa wiki chache tu, kisha virudishwe kimoja kimoja hadi kile kinachomdhuru mhusika kijulikane. Ni afadhali kufanya hivyo chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe.

Maziwa yanahitaji neno la ziada. Watu wazima wengi barani Afrika hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ingawa utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan uwezo huo umeendelea kwa mabadiliko ya kijenetiki yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo ushauri wa kuacha maziwa unaweza kumfaa mtu mmoja na usimfae jirani yake.

Anayefunga choo na kujikamua anahitaji maji na nyuzinyuzi laini, zile zinazovimba majini kama za ispaghula. Pumba za ngano, ambazo wengi hushauriana wao kwa wao, mara nyingi huzidisha gesi na maumivu. Anayetumia choo cha kukalia na aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande. Hapo kujikamua hupungua.

Upande wa dawa, tahadhari ni kubwa kuliko wagonjwa wengi wanavyodhani. Dawa za kutuliza msokoto, mathalani hiosini, ziko katika jamii moja na ile atropini ya Lewis: zinaweza kupunguza maumivu, lakini hazizuii mishipa ya damu kulegea. Amitriptilini kwa dozi ndogo imepata sifa mpya tangu utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 463, uonyeshe kwamba inapunguza dalili za IBS. Hata hivyo, dawa hiyohiyo huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na kwa anayezimia hilo si jambo dogo. Daktari anayeiandika lazima aelezwe habari ya kuanguka. Loperamidi ya kuzuia kuhara ni salama kwa dozi ya kawaida, lakini mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dozi kubwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kununua dukani na kujipimia mwenyewe, kama ilivyo kawaida mijini, si busara hapa.

Kuhusu maji na chumvi, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2018 unawashauri wanaozimia mara kwa mara wanywe maji ya kutosha na wasibane chumvi. Ushauri huo haumhusu mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo. Anayemeza vidonge vya presha na akaanza kuzimia arudi kwa daktari wake dozi iangaliwe upya, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Wakati wa kuhara, pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, iliyochanganywa kama ilivyoelekezwa, ni bora kuliko soda.

Msongo wa mawazo nao una nafasi yake, ingawa kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake "uko kichwani" ni kumdhulumu. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walionyesha kwamba tiba ya kumtuliza mtu akili kwa usingizi wa maelekezo ilipunguza dalili za wagonjwa sugu wa IBS. Wataalamu wa tiba hiyo ni adimu katika ukanda huu, lakini kupumua taratibu kwa tumbo, na ushauri nasaha, vinapatikana kwa urahisi zaidi.

Pale ambapo si IBS

Hatari kubwa kuliko zote ni kuridhika mapema. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akipata maumivu ya chini ya tumbo na kuzimia, jambo la kwanza kufikiriwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, hata kama ana historia ndefu ya IBS na hata kama anasema siku zake hazijapita sana. Mirija ikipasuka, damu hujaa tumboni na saa chache zinatosha kumpoteza. Kipimo cha mimba cha mkojo ni rahisi na hakina sababu ya kurukwa.

Choo cheusi kama lami humaanisha damu kutoka tumboni, labda kwenye kidonda, na kuzimia hapo hutokana na kupungukiwa damu. Mzee mwenye maumivu ya ghafla yanayochoma hadi mgongoni anaweza kuwa na mshipa mkuu wa damu uliotanuka na kuanza kupasuka. Wote hao ni wa kupelekwa hospitali usiku huohuo.

Aidha, damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, homa, kuamshwa usingizini na kuhara, upungufu wa damu, au dalili kuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, vinadai uchunguzi kabla ya jina la IBS kutamkwa. Katika ukanda huu daktari atafikiria pia amiba, giadia, kichocho na kifua kikuu cha tumbo, magonjwa yenye tiba yake mahususi.

Upande wa moyo, anayezimia akiwa anakimbia au kubeba mzigo, anayezimia akiwa amelala, anayeanguka bila onyo lolote, anayehisi moyo kwenda mbio kabla ya giza, au aliye na ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, asiambiwe kuwa ni tumbo. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache na kinapaswa kufanywa kwa kila mtu aliyezimia, hata yule ambaye sababu yake inaonekana wazi. Wengine hupimwa pia kwa kitanda kinachoinuliwa taratibu huku shinikizo likifuatiliwa, njia iliyoanza kutumika kuchunguza kuzimia mwaka 1986.

Kabla ya kumwona daktari, ni vizuri mgonjwa aandike kwa wiki kadhaa alichokula, saa maumivu yalipoanza, alikuwa amekaa au amesimama, alizimia kwa muda gani na nani aliona. Wakati uchunguzi ukiendelea asiendeshe gari wala pikipiki tumbo linapokuwa limechafuka, na asipande ngazi au paa kwa kazi. Nyumbani, choo kisifungwe kwa komeo. Katika nyumba za kupanga zenye choo cha pamoja, kitambaa kikiachwa juu ya mlango huwa alama ya kutosha kwamba ndani kuna mtu. Na pale mlango unapofunguka kuelekea ndani, fundi anaweza kuugeuza ufunguke nje, kwa sababu mwili wa aliyeanguka nyuma yake huwazuia hata wale waliokuja kumwokoa.